Mama Apolina Hakaliwi

Marobota ya vikwembe, yaani vitenge vipya, yaliposhuka bandarini Baraka kutoka Uvira, bamama wa soko waliyabeba kwa vigelegele mpaka ofisini kwao, wakakata kamba, wakatandaza kitambaa mezani. Vigelegele vikakatika. Mama Apolina alikuwa anawatazama.

Alikuwa amezikwa tangu mvua zilizopita, na sasa amerudi, uso mkubwa kama sahani ya ugali, ndani ya duara la njano, uso na uso na uso mpaka mwisho wa kitambaa. Yeye ndiye aliyeanzisha Umoja wa Bamama wa Soko, akawaweka wauza ndagala, wauza muhogo na wauza maziwa katika chama kimoja bila kuvuana vilemba. Heshima ya kuvaliwa alistahili. Mpiga chapa alimwekea tabasamu. Waliomjua walisema ni la kuazima, maana la kwake halikuonekana kabla ya saa ya kufunga soko.

Uso ulikuwa mzuri. Tabu ilikuwa ukae wapi.

Vikwembe hivyo vilikuwa vya defile ya tarehe nane Machi, siku bamama wa Baraka wanapopita kwa mistari mbele ya jukwaa la wakubwa. Na hakuna aliyesahau mambo ya askofu. Miaka ya nyuma, parokia moja ya huko mbali ilichapisha kikwembe chenye sura ya askofu mgeni. Mafundi wakakata kwa mazoea, na misa nzima, kila padre aliposema watu wakae, bamama walimkalia baba askofu kwa uzito wote ambao Mungu aliwajalia. Askofu mwenyewe alikuwepo. Akahubiri juu ya unyenyekevu.

Lakini askofu ni mgeni, atapanda gari aende. Mama Apolina ni wa hapa hapa, na mwenyekiti wa sasa wa Umoja, Mama Gentille, aliolewa na mtoto wake wa kiume. Hebu fikiria mtu aambiwe amkalie mama mkwe! Bibi yule alipokuwa hai, Gentille hakumtazama usoni zaidi ya kiasi cha salamu. Alimpikia, alimtekea maji, alimpisha njiani, macho chini, kama mkwe aliyefundwa akafundika. Sasa alisimama mbele ya kitambaa chenye nyuso zisizohesabika za mama mkwe wake, hajui macho ayaweke wapi.

"Mupeleke kwa Madamu Suzanne," akasema akitazama dari. "Banasema siku hizi anafundisha batoto kufikiri. Basi bafikiri."

Madamu Suzanne alikuwa mwalimu wa kukata na kushona katika kituo cha ufundi nyuma ya soko. Kwa miaka mingi alifundisha kama yeye alivyofundishwa: picha kubwa ya mitindo ukutani, wanawake wembamba wamesimama kama mishumaa, na mwanafunzi anachagua mmoja, anamwiga mpaka mkono uzoee. Wanafunzi wake walishona vizuri. Kila nguo ilitoka sawa na ya mwaka uliopita, na ya mwaka kabla ya huo, mpaka Baraka yote ilikuwa na mikono ya gauni ya aina moja.

Halafu akapelekwa Bukavu kwenye semina ya walimu. Huko walimpa karatasi nyeupe, wakamwambia achore mkono wa gauni ambao hajawahi kuuona. Alikaa mbele ya ile karatasi kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake. Hatimaye akachora, mkono mmoja wenye mikunjo kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Haukuwa mzuri. Lakini ulikuwa wake, na chakula cha mchana kilimpita bila yeye kujua. Mtu aliyemwona Suzanne na sahani ya fufu angeelewa uzito wa jambo hilo.

Aliporudi alibandua ile picha ukutani. Mkuu wa kituo, Norbert, Prefe kwa walimu na wanafunzi wote, akamwita.

"Madamu, bazazi banalalamika. Banasema banaleta batoto kushona, we unabachoresha kama batoto badogo ba maternelle."

"Kushona banajua, Prefe. Kubuni ndiyo habajui."

Norbert alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa na kofia na tai, haivui hata kwa joto. Alifikiri, akasema, "Sawa. Hii kazi ya Mama Gentille iko mikononi mwako. Batoto babuni nguo, bo benyewe. Bamama bakiikubali, utaendelea na mafundisho yako ya Bukavu. Bakiikataa, bakipeleka bikwembe kwa bafundi ba Uvira, ile picha inarudi ukutani. Na haitatoka tena mpaka pensheni yako."

Suzanne akatoka na hofu. Si kibarua alichokiogopa. Kibarua angebaki nacho. Aliogopa kuzeeka akiwafundisha watoto wa watu kufuata wale wanawake mishumaa, baada ya kuonja kitu kingine.

Siku iliyofuata akatandika kikwembe mezani, akagawa karatasi.

"Wazo," akawaambia, "halivuliwi kwa ndoana. Mutu anayevua ndagala hachagui moja moja ndani ya maji. Anashusha wavu, anakokota byote, kubwa na dogo na takataka. Kuchagua kunafanyika nchi kavu. Basi muchore mingi, haraka, hata mibaya. Na sheria iko moja: hakuna kucheka wazo la mwenzako."

Sheria hiyo ilikuwa ya Bukavu, aliibeba kama ilivyo, kama mtu anavyobeba yai.

Darasa likawa kimya, ukimya mzuri, wa kanisani. Suzanne akafurahi. Alipopita kutazama, furaha ikapungua. Gauni la moja kwa moja, uso tumboni. Gauni la moja kwa moja, uso tumboni. Junior, kijana wa Nundu ambaye siku nyingine mdomo wake haufungwi hata na sindano ndani, alikuwa amechora gauni la moja kwa moja na uso tumboni, ila uso ulikuwa mdogo. Uwamwiza, msichana wa Bibokoboko aliyechora kwa unadhifu kama anaandika barua kwa mchungaji, vilevile.

Divine wa hapa Baraka ndiye aliyekuwa na mkono hodari kuliko wote. Angeweza kuiga chochote: umwonyeshe nguo asubuhi, jioni anakuletea pacha wake. Suzanne akainama juu ya karatasi yake. Divine alikuwa amechora gauni alilovaa Suzanne siku ile ile, mshono kwa mshono, mpaka kifungo kilichong'oka pale kifuani.

"Divine, hii ni yangu."

"Ndiyo, Madamu. Iko muzuri."

"Na ya mwenzako Junior, unaionaje?"

"Iko muzuri."

"Junior, ya Uwamwiza?"

"Iko muzuri sana, Madamu," Junior akasema, mashavu yamemjaa kitu ambacho hakukitoa.

Ikawa hivyo juma zima. Kila kitu kilikuwa kizuri, na hakuna kilichofaa. Norbert alipita dirishani, akaona magauni yenye uso tumboni, akatazama pale ukutani ilipokuwa picha, akaendelea na safari yake.

Kilichomfungua macho ni kiu. Saa ya mapumziko alikwenda kwenye mtungi nyuma ya ukuta, akasikia wanafunzi wake upande wa pili wanacheka mpaka wanakohoa.

"Mumuweke kifuani," ilikuwa sauti ya Junior. "Halafu mama awe na maziwa mingi. Koko wa batu anafura mashavu kama anapiga tarumbeta!"

"Na nyuso zikiwa mbili, moja huku moja kule?" akadakia Uwamwiza, yule yule wa barua kwa mchungaji. "Moja inatazama Kalemie, ingine inatazama Uvira!"

"Basi mumupandishe shingoni."

"Shingoni anakabwa. Mumuweke begani."

"Begani? Beseni ya samaki ikivuja, maji yote inamwangukia usoni!"

Suzanne akasimama na kikombe mkononi, maji yanamwagika kiatuni. Kifuani, shingoni, begani. Juma zima aliwaomba mawazo, na mawazo yalikuwa hapa nyuma ya ukuta, yanaokotana, moja linamsukuma jingine. Alikuwa amekataza kicheko, na kumbe kicheko ndicho kilichokuwa kinayabeba. Hawa watoto wamelelewa katika utani. Mtu asiyekutania hajakupenda, au anakudai. Ukiwaambia wasichekane, wanakuheshimu tu. Na heshima haijawahi kuzaa gauni.

Akataka kuzunguka ukuta awaambie. Ghafla kicheko kikazimika kama taa. Divine alikuwa anakuja kutoka chooni.

Hapo Suzanne akakumbuka jambo ambalo mji mzima ulilijua, na yeye alilipita kama mtu anavyolipita jiwe la mlangoni. Divine alikuwa mtoto wa Mama Gentille. Ule uso mezani ulikuwa wa nyanya yake, huyo huyo koko waliyekuwa wanamcheka. Nani atamcheka marehemu wa mwenzake, mbele ya mwenzake?

Akamwita pembeni, chini ya paa la stoo ambako hukaa mashine mbovu.

"Divine, mwanangu. Hii kazi inakuumiza?"

Divine akatazama vidole vyake. "Hapana, Madamu."

"Bakicheka juu ya koko wako, utaumia?"

"Bo hawawezi kucheka." Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. "Mi ndiye naweza."

"Namna gani?"

"Madamu, yule alikuwa muke mwenzangu! Alikuwa ananiambia: weye, kisichana, uliniibia bwana, ona ulivyo mubaya, hata ugali unaupika mabuje. Nami namwambia: koko, bwana alikuchoka, meno imebakia ya kusalimia tu. Tunatukanana mpaka mama anakimbia nje na masikio yake. Yeye ni mukwe, hawezi kusikia ile." Sasa alikuwa anacheka waziwazi, na machozi yapo, yote mawili yanagombea uso mmoja. "Tangu afe, hakuna mutu amenitukana vizuri."

Suzanne akaelewa. Mjukuu na nyanya ni watani. Hilo halihitaji semina. Ikiwa kuna mtu chini ya jua mwenye haki ya kumtania Mama Apolina, hai au mfu, ni huyu hapa aliyekuwa anaiga vifungo vilivyong'oka.

"Basi ingia darasani," akamwambia, "ukamutukane."

Divine akaingia. Wenzake wakainama juu ya gauni zao za tumboni. Akasimama mbele ya kikwembe, mikono kiunoni, akamtazama nyanya yake jicho kwa jicho.

"Weye, muke mwenzangu," akasema. "Umerudi? Na hilo tabasamu umeliiba kwa nani? Ona ulivyo, kifo kimekunenepesha."

Junior alipasuka kwanza. Mashavu yake yaliachia kicheko cha juma zima. Uwamwiza akaficha uso kwenye meza, mabega yanaruka. Suzanne akasubiri wote wachoke, halafu akaipiga meza kwa rula.

"Nilikosea sheria," akasema. "Sheria mupya ni hii. Kucheka kunaruhusiwa. Lakini anayecheka wazo la mwenzake, anashika penseli na kulitengeneza. Ukicheka bila penseli, unafagia darasa. Divine ndiye mwenye koko. Akisema tumevuka mpaka, tumevuka."

Asubuhi ile ilikuwa na makelele ya mnadani. Mmoja akachora uso kwenye kilemba. Junior akacheka kwamba ukikifunga, pua inakwenda kisogoni, akapewa penseli. Akaushusha kwenye mkono wa gauni. Divine akacheka: "Koko kwenye mkono? Kila mama akipangusa jasho, anamupiga koko kofi!" Akapewa penseli. Akauweka mgongoni, mzima, bila mkato, mahali ambapo hakuna wa kumkalia.

Hapo wakasogea karibu, maana lilikuwa wazo la kweli.

"Mgongoni," akasema Uwamwiza polepole, "ndiko mutoto anakaa. Mutoto akikojoa?"

Wakacheka, Divine zaidi ya wote. Suzanne akamnyoshea Uwamwiza penseli. Uwamwiza aliizungusha kati ya vidole muda mrefu. Huko kwao milimani wasichana hubebeshwa wadogo zao wakiwa bado wadogo wenyewe, na mgongo wake ulijua jambo ambalo kichwa kilikuwa hakijalisema.

"Koko asikae chini ya mutoto," akasema. "Akae juu. Tumuweke kwenye mbeleko. Mutoto ndani, koko inje. Yeye ndiye anamubeba."

Mama Apolina, kwa habari ya wasiomjua, ndiye aliyekuwa anawabeba watoto wa soko zima mama zao wakiuza. Divine hakucheka hilo. Alitikisa kichwa kukubali, akafanya kazi ya kupangusa pua.

"Lakini," akasema Junior, aliyekuwa haamini ukimya, "mama muzee asiye na mutoto? Mbeleko tupu inajikunja. Koko anakaa kama mutu mwenye njaa." Akapewa penseli kabla hajamaliza. Akaichora mbeleko upya: mkanda mpana unaopita bega moja na kuingia chini ya kwapa la pili, na mgongoni unapanuka, umetiwa kitambaa kigumu kwa ndani, ili uso ukae wima bila kukunjamana. Mwenye mtoto ataupitisha juu yake. Asiye na mtoto utamkaa mgongoni peke yake.

Likabaki gauni lenyewe. Likatoka kwenye nafasi za katikati ya nyuso, vipande vyembamba vilivyounganishwa. Hapo mkono wa Divine ukapata kazi yake, kwa maana hakuna mwingine ambaye angeyakata yale maduara bila kumgusa nyanya nywele. Na nyuso zilizobaki? Kutupa hawawezi. Wakazipinda pindo, zikawa vitambaa vya kufunikia beseni za samaki, na Mama Apolina akarudi sokoni kufukuza nzi.

Siku ya kuonyesha, bamama wa Umoja walikuja wamejipaka mafuta, wakakaa kwenye mabenchi uani. Norbert aliwekwa kwenye kiti chenye mikono, upande wa kuume, awe kama wakubwa jukwaani, na hilo halikumchukiza. Mama Gentille akavalishwa yeye kwanza, kwa kuwa ni mwenyekiti. Alinyanyua mikono, akakubali mkanda upite begani, macho yake juu ya mabati. Mama mkwe akamkaa mgongoni.

Bamama wote wakamtazama mwenyekiti wao.

"Iko muzuri," akasema Mama Gentille. "Tunashukuru. Mungu abariki mikono ya batoto."

Bamama wakaitikia, muzuri, muzuri. Suzanne akaanza kukunja utepe wake wa kupimia. Alikwisha jifunza thamani ya neno lile. Hivyo ndivyo watu wanavyosema muzuri halafu kesho vikwembe vinapanda boti kwenda Uvira. Norbert naye akafunga kifuniko cha kalamu yake, taratibu, kama mtu anayefunga jeneza la mtu ambaye hakuwa na ubaya naye.

"Mama," Suzanne akasema, "sema kibaya chake."

"Hakina kibaya."

"Mama Gentille. Hawa batoto wamezoea kuchekwa. Usibanyime."

Mwenyekiti akahangaika ndani ya nguo. "Mi niko mukwe wake, Madamu! Niseme nini juu yake, na yeye yuko hapa hapa mgongoni anasikia?"

"Usiseme juu yake," ikatoka sauti ya Divine, akiwa amekaa chini na pini mdomoni. "Sema juu ya nguo, mama. Koko uniachie mimi."

Bamama wakacheka kidogo. Mama Gentille akavuta pumzi. "Basi ni hivi. Yeye kunikaa mgongoni ni heshima: hatuonani uso kwa uso, kama zamani. Lakini wakubwa wanakaa pembeni ya njia. Tukipita, banatuona mbavu. Mama atakuwa anamutazama nani? Atatazama bamama ba nyuma, kama anabahesabu nani amechelewa!"

"Alikuwa anafanya hivyo hivyo!" akapiga kelele mmoja kwenye benchi, na hapo kicheko kikawa cha wote.

"Ukicheka, unatengeneza," Junior akasema, akimnyoshea mwenyekiti penseli. Suzanne alitamani ardhi immeze kijana huyo, walau mpaka jioni.

"Mi sijui penseli," Mama Gentille akasema. "Mi najua kutembea. Muniache nitembee, nione."

Akaenda mpaka langoni, akageuka, akaanza kupiga mwendo wa defile, mikono inapaa, goti linainuka, bamama wanamwimbia. Mama Apolina nyuma yake akimtazama kila aliyepitwa. Alipokaribia kiti cha Norbert, Mama Gentille aligeuza kichwa kuume kama inavyotakiwa, na mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukashika mkanda na kuuvuta. Ni kule kuvuta ambako kila mama aliyebeba amekufanya mara zisizo na hesabu: mtoto akilia, unamtoa mgongoni kwa mvuto mmoja, anakuja ubavuni.

Mama Apolina akaja ubavuni. Uso mzima, tabasamu la kuazima, akamtazama Norbert ana kwa ana.

Na Norbert akasimama. Kofia ikatoka kichwani. "Jambo, mama," akasema.

Akabaki amesimama hivyo, kofia kifuani, kama siku zile alipokuwa mtoto wa shule na Mama Apolina alimshika sikio kwa ajili ya ndizi ambazo hazikuwa zake. Bamama walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Mmoja alilia kweli, mwingine akaomba maji. Mama Gentille, mkwe aliyefundwa, alijaza ncha ya kilemba mdomoni, lakini mabega yalimsaliti. Na alipoinama kuficha, kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe wake usoni, pale ubavuni, muda mrefu kupita salamu.

"Hivyo," akasema alipopata sauti. "Wote tutamvuta pamoja, tukifika jukwaani. Nani ana chaki? Huu mkanda unabana kwapa, upanuliwe hapa. Na mwenye tumbo kama Mama Riziki apewe kifungo cha pili."

Bamama wote wakainuka, kila mmoja na kasoro yake, na kila mwenye kasoro akapewa chaki. Kufika mchana gauni lilikuwa na michoro kama ubao wa hesabu. Hakuna aliyetaja Uvira. Suzanne alisimama katikati ya wale bamama wanaovutana mkanda, akipokea amri kutoka pande zote, na hakuwa na hamu ya kuwa mahali pengine.

Defile ilipita vizuri, kadiri defile inavyopita. Bamama wa Umoja walipofika mbele ya jukwaa, mwenyekiti alipiga makofi mara moja, mkono wa kila mmoja ukavuta, na Mama Apolina, mstari baada ya mstari, akawageukia wakubwa. Watu walishangilia. Mama mmoja tu, wa Nundu, katika haraka alivuta mbeleko ya ndani pamoja na ya nje, na mtoto wake wa kweli akatokeza mbele ya mamlaka yote, akaona yuko karibu na chakula, akakitafuta, akakipata. Mkubwa mmoja aliitazama bendera kwa uzalendo ambao hakuwahi kuuonyesha.

Jumatatu, Suzanne alikuwa anagawa karatasi kwa ajili ya kazi mpya, begi la shule ambalo mvua haitaliingia, mlango ulipobishwa. Norbert akaingia. Hakuwa na kofia. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na aliikunjua juu ya meza ya mbele akiwa amewapa wanafunzi ubavu, kama mtu anayevua shati kwa daktari.

Ulikuwa mchoro wake mwenyewe, koti la mvua la kuendeshea pikipiki. Lilikuwa na mifuko mingi mno, na mmoja ulikuwa mahali ambapo hata mwenye mikono mirefu asingeufikia.

Darasa likaangalia. Darasa likaheshimu. Ukimya wa kanisani ukarudi.

"Prefe," Uwamwiza akasema kwa upole, "iko muzuri."

Norbert akamtazama Suzanne, na Suzanne akatazama dirishani, kwa kuwa uso wake haukuwa wa kuaminika.

"Hapana," Norbert akasema, akivuta benchi akakaa kati ya Junior na Divine, magoti yamegusa meza. "Mimi si mugeni hapa. Mucheke."